Uliza fundi wa fidla: mbao, gundi, na ile nguzo ndogo ya ndani

Jamani barua zenu zimekuwa nyingi na nimezisoma zote, asanteni sana. Toleo lililopita nilieleza jinsi ya kukunja mbavu za fidla, zile kuta nyembamba za pembeni, kwa chuma cha moto na kuzizungushia kwenye kalibu, na humo nikapitisha sentensi moja tu kwamba gundi ya ubao wa mbele inatakiwa iwe dhaifu kidogo, basi hapo hapo ndo mkatia nanga, wengine mmeshangaa, wengine mmenikatalia kabisa. Kwa hiyo leo maswali mengi yanazunguka hapo, na mengine nimeyachanganya kwa sababu yamekaa mezani muda mrefu na wenyewe wanasubiri. Nimeyafupisha, ila maneno ni yenu.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni seremala, milango na fenicha nimetengeneza miaka 14, sasa nataka nijaribu fidla moja tu nione. Nina mbao ngumu nzuri sana, nzito, imekauka vizuri, lakini kila ninayemuuliza ananiambia kwa ubao wa mbele haifai. Kwani mbao ngumu si ndo inadumu?

JIBU: Marahaba seremala, karibu, na usijione mgeni maana mtu anayejua kunoa randa ameshavuka pagumu. Tofauti iko hapa: mlango unatakiwa utulie, ubao wa mbele wa fidla unatakiwa utikisike, hiyo ndo kazi yake yote. Uzi peke yake hautoi sauti ya maana, ufunge kati ya misumari miwili uuburuze na upinde utasikia kama mbu tu, ni daraja, kile kibao kilichosimama chini ya nyuzi, ndo linalochukua ule mtetemo likaupeleka kwenye ubao, na ubao ndo unasukuma hewa. Ukiweka mbao nzito pale, hata uichonge ibaki milimita 3, nyuzi nne hazina nguvu ya kuiamsha.

Tunachotafuta ni mti mwepesi lakini mkakamavu kwa urefu wake, na mti ambao mafundi wameung'ang'ania tangu enzi za Andrea Amati pale Cremona, Italia, karne ya 16, ni sprusi, mti wa ukoo wa misonobari unaoota milimani kwenye baridi, unakua polepole na pete zake za mwaka zinabanana. Sauti ikipita kwa urefu wa nyuzinyuzi zake inakwenda zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde, hewani ni kama 340 tu, halafu ukikatisha upana inapungua mara kadhaa, na hiyo tofauti ya urefu na upana ni sehemu kubwa ya ile sauti tunayoiita sauti ya fidla. Mgongo, mbavu na shingo ni mepo, huo ni mgumu zaidi na una yale mawimbi yanayometameta ukigeuza kwenye mwanga. Mgongoni hapo una uhuru kidogo, wazee wa Italia walitumia hata popla, kwa hiyo hiyo mbao yako kama siyo nzito kupita kiasi ijaribu mgongo na mbavu, mbele usiiweke.

Sasa ukienda kuchagua sprusi usiangalie sura tu. Gogo linatakiwa lipasuliwe kwa kabari kuelekea kiini, vitoke vipande vya pembetatu, kwa sababu kabari inafuata njia ya mti mwenyewe ambapo msumeno unakata popote unapoelekezwa, unaweza ukapata mbao nzuri kwa macho kumbe nyuzinyuzi zake zinatokeza juu kwa mshazari, na hiyo ukiichonga nyembamba haina nguvu. Vipande viwili vilivyofuatana unavifungua kama kitabu ukaviunganisha katikati. Kabla hujalipa, kishike kipande kwa vidole viwili tu, kama robo ya urefu kutoka juu, ukigonge katikati kwa kifundo cha kidole. Kizuri kinalia kama kengele ndogo na sauti inakaa kidogo hewani kabla haijafa, kibaya kinasema "dap" kama umegonga boksi. Mi nimeshawahi kugonga vipande zaidi ya 40 nikaondoka na viwili, na muuzaji hakufurahi, lakini ndo hivyo. Kukausha ni kwa hewa kivulini, ncha zimepakwa nta zisipasuke, miaka 5 ndo kiasi cha chini ninachokubali mimi, 10 ni bora.

Na neno moja kuhusu ubao wa vidole, ule wa kubonyezea nyuzi, maana watu wanachanganya sana. Tukisikia eboni tunatafsiri mpingo, ila ni miti miwili. Eboni ya kwenye fidla ni jamii ya Diospyros, mpingo wenyewe ni Dalbergia melanoxylon, ndugu yake rozwudi, na ndo huo unatengenezewa klarineti na obo. Mpingo kwa vigingi vya kukazia nyuzi unafaa vizuri, kwa ubao wa vidole unawezekana lakini ni mzito kuliko eboni na mpigaji ataisikia shingo inamlemea mkono wa kushoto.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nianze na zana zipi, na fidla moja inachukua muda gani?

JIBU: Nzuri. Muda, weka kama saa 200 za mikono, bila kuhesabu vanishi kukauka. Zana: kisu kimoja kikali sana, msumeno mwembamba, patasi bapa mbili, patasi za mviringo mbili tatu, randa ya kawaida ya kuunganishia na vile viranda vidogo vya ukubwa wa kidole gumba vya kuchongea mbinuko, yaani ule mwinuko wa ubao, vipande vya chuma cha kukwangulia, kalipa ya kupimia unene, chuma cha moto cha mbavu, na klempu kama 30 za kuzunguka mwili mzima. Msasa kwenye uso wa sprusi jiepushe nao kadiri uwezavyo, unajaza vumbi kwenye vinyweleo vya mti na baadaye vanishi inakuwa na ukungu, wakati chuma kilichonolewa vizuri kinakata na kuacha mti unang'aa wenyewe. Ila zana ya kwanza kabisa ni jiwe la kunolea, lijue hilo hata kabla hujagusa mbao.

SWALI: Fundi, kwa heshima zote, kwenye gundi sikubaliani na wewe. Nimetengeneza fidla mbili, ya kwanza nilitumia hiyo gundi yenu ya ngozi, inanuka, inanisumbua, na miezi mitatu haikupita ubao ukaachia pembeni. Ya pili nikatumia epoksi, gundi ya kisasa ya kemikali, na mpaka leo iko imara kama jiwe. Kwa nini mnang'ang'ania mambo ya kizamani?

JIBU: Kaka yangu, nimefurahi umesema wazi maana wengi wanafanya hivyo kimya kimya halafu kazi inakuja kwangu. Ngoja nianze na fidla ya kwanza. Gundi ya ngozi inatokana na ngozi na mifupa, unailoweka kwanza kwenye maji baridi mpaka ivimbe, kisha unaipasha kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kama nyuzi joto 60 hivi, na isichemke hata siku moja, ikichemka nguvu yake inakufa, ukiipasha leo ukairudia kesho na keshokutwa na wiki ijayo nayo inakufa. Halafu inaganda haraka, kwa hiyo mbao nazo zipashe moto kidogo na klempu zote ziwe zimeshapangwa mkononi kabla hujapaka. Na kikubwa kuliko vyote, gundi hii haijazi pengo. Epoksi inakusamehe kama kiungo hakijakaa, gundi ya ngozi haikusamehi. Chukua vipande vyako viwili, vishike dhidi ya dirisha bila gundi, ukiona uzi wa mwanga katikati rudi kwenye randa. Mi nahisi tatizo lako lilikuwa hapo, fidla yako ya kwanza iliachia kwa sababu viungo havikugusana, na epoksi ya pili imekufichia.

Sasa udhaifu niliousema. Gundi ya ngozi ikikaa sawa ina nguvu sana, kile kiungo cha katikati cha mgongo ukikivunja mti unavunjika pembeni na gundi inabaki. Ni kwenye kubandika ubao wa mbele juu ya mbavu ndo tunaiongeza maji makusudi. Kwa nini? Mti haufi, ukishakatwa bado unavuta unyevu na kuutoa, unapanuka na kusinyaa kwa upana wake, kwa urefu karibu hausogei. Ubao wa mbele una upana wa zaidi ya sentimita 20 pale chini, ukifika msimu mkavu ukasinyaa na umebanwa pande zote, lazima kitu kiachie. Ukiwa na gundi dhaifu pembeni inaachia sentimita mbili tatu za ukingo, unasikia fidla inakoroma, unaleta, nusu saa imekwisha. Ukiwa na epoksi gundi haiachii, kwa hiyo mti wenyewe unapasuka, na unapasuka hapo hapo kwenye njia ya nguzo ya sauti (kile kijiti kilichosimama ndani) au upapi wa besi (ule mfito uliobandikwa ndani upande wa nyuzi nene), mahali pabaya kuliko pote.

Na kuna hili la pili ambalo kwangu ndo zito zaidi. Fidla inatengenezwa ili siku moja ifunguliwe. Atafunguaje fundi wa miaka 50 ijayo? Mimi nikifungua ya zamani nachukua kisu chembamba kisicho na makali, naanza pale ukingo ulipoachia, nakisukuma kidogo kidogo na sikio liko karibu, gundi ya ngozi inakatika kavu, tk, tk, tk, kama kioo chembamba. Sauti ikibadilika ikawa kama kitambaa kinachanika nasimama papo hapo, hapo kisu kimeshaacha gundi kimeingia kwenye mti. Karibu fidla zote za Stradivari, yule fundi maarufu wa Cremona, zinazopigwa leo zimeshafunguliwa hivyo, karne ya 18 mwishoni na ya 19 watu walitaka sauti kubwa zaidi kwenye kumbi kubwa, basi shingo zikabadilishwa zikawekwa kwa pembe kali zaidi, upapi wa besi ukatolewa ukawekwa mwingine mrefu na mnene zaidi. Kazi yote hiyo iliwezekana kwa sababu ya gundi yake. Angetumia kitu kama epoksi zingekuwa zimeshatupwa.

Mwaka fulani waliniletea fidla ambayo fundi mwingine aliibandika kwa epoksi, sprusi nzuri ajabu, mbinuko umechongwa na mtu anayejua kabisa, ila ina ufa kutoka ukingo wa chini mpaka karibu na daraja. Ufa wenyewe ni kazi ya siku mbili kama ubao unatoka. Haukutoka. Nilijaribu kila njia ninayoijua, mwishowe ukatoka na vipande vya mbavu vimeng'ang'ania na ukingo umenyofoka sehemu tano. Ilichukua wiki sita na haikurudi ilivyokuwa. Mwenyewe alikaa karibu na benchi anaangalia, hasemi kitu. Sijasahau. Kwa hiyo kaka, fidla yako ya pili ipige, ifurahie, lakini ya tatu nakuomba rudi kwenye gundi ya ngozi, na viungo vyako vishike kwenye dirisha kwanza.

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia fidla, ndani ukichungulia kwenye lile tundu kuna karatasi imeandikwa Antonius Stradivarius Cremonensis Faciebat Anno 1721. Wanangu wanasema ni ya thamani kubwa sana duniani. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa kumpoteza baba. Sitakuzungusha, uwezekano ni mdogo mno. Stradivari alifariki 1737 na ala zake zinazojulikana kubaki ni kama 650, karibu kila moja inafahamika ilipo na ilipitia mikono ya nani. Karatasi kama hiyo yako ilichapishwa kwa maelfu, miji kama Markneukirchen kule Ujerumani na Mirecourt kule Ufaransa ilitengeneza fidla nyingi mno karne ya 19 na mwanzo wa 20, na karatasi ilikuwa inamaanisha tu kwamba umbo limefuata mfano wa Stradivari, wanunuzi wa wakati ule wengi walilijua hilo. Chungulia tena na tochi, angalia chini ya maandishi makubwa kama kuna neno dogo la nchi. Likiwepo jina la Ujerumani kwa Kiingereza, basi kwa kawaida ni baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 iliyotaka bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka, na likiwepo Czechoslovakia haiwezi kuwa kabla ya 1918 maana nchi yenyewe haikuwepo.

Lakini mama usiiweke darini kwa sababu hiyo. Nyingi katika hizo ni fidla nzuri za kupigwa, mbao zake zimeshakauka miaka mia. Usiisugue na polishi ya fenicha, usikaze nyuzi kama imelala muda mrefu, mpelekee fundi aiangalie viungo na nguzo, kisha mmoja wa wajukuu aanze kujifunza nayo.

SWALI: Mambo fundi. Niliambiwa ubao wa mbele ukiwa mwembamba sauti inakuwa kubwa, nikachonga wangu mpaka milimita 2 kote. Sauti kweli ni kubwa ukiwa karibu, lakini haina mwili, kama mtu anaongea ndani ya debe, na ukiwa mbali haifiki. Nimekosea wapi?

JIBU: Poa, na nakuelewa sana mdogo wangu kwa sababu nami nilipita hapo hapo. Fidla yangu ya tatu niliipunguza mbele mpaka kama milimita 2, wiki ya kwanza kila aliyeipiga alisema dah, nikajiona nimepata. Mwezi wa nne ubao upande wa besi ukaanza kuzama chini ya mguu wa daraja, nyuzi zikashuka mpaka zikagusa ubao wa vidole, sauti ikawa ya puani. Fikiria mzigo: nyuzi zote nne zikikazwa zinavuta kwa pamoja zaidi ya kilo 20, na kwa sababu zinapinda juu ya daraja, kama kilo 8 hivi zinakandamiza ubao moja kwa moja, mchana na usiku, na ubao wenyewe una uzito wa gramu 60 na kitu hadi 75. Kinachoshikilia ni mbinuko, unene, upapi wa besi na nguzo, ukipunguza kimoja vingine vinalipa.

Kwa sprusi ya kawaida mbele kaa kati ya milimita 2.5 na 3. Mgongo ni habari nyingine, katikati acha kama 4 hadi 4.5 kisha upungue taratibu ukielekea kingo za juu na chini mpaka kama 2.5. Ila namba hizi ni uzio tu, zinakuzuia usitoke shambani. Mbao mbili zenye unene sawa hazifanani, moja nyepesi na ngumu, nyingine nzito na legevu, ndo maana mi nikifika 3 naweka kalipa pembeni naanza kutumia mikono. Unaushika ubao kwa kingo zote mbili unaukunja kidogo kama unakamua nguo, kisha unaupinda kwa upana, vidole vinakwambia wapi bado pamekaza. Halafu unaugonga na kusikiliza, unachonga, unaugonga tena, noti inashuka kila unapopunguza. Wapo wanaopenda kuona kwa macho, wanauweka ubao juu ya spika, wanamwaga unga laini juu yake, wanapandisha sauti polepole mpaka unga unajipanga wenyewe kwenye mistari mahali ambapo ubao hautikisiki. Mjerumani Ernst Chladni alionyesha mistari hiyo kwenye bamba za chuma na kioo mwaka 1787, na Carleen Hutchins wa Marekani aliifanyia kazi kwa fidla miaka na miaka karne iliyopita. Ni kitu kizuri sana kujifunzia, mi mwenyewe kimenifundisha, ingawa bado naamini zaidi vidole.

Sasa yako. Kama gundi ni ya ngozi una bahati, ifungue. Toa upapi wa besi, weka mwingine wa sprusi ngumu zaidi na mrefu kidogo kwenda juu, wa urefu kama milimita 270, uukalishe ndani vizuri usibaki na pengo hata la karatasi. Itasaidia sana lakini haitamaliza, kwa milimita 2 kote ukweli ni kwamba unahitaji kuchonga ubao mpya. Mi ndo nilichofanya. Mgongo ule ule, mbavu zile zile, mbele mpya, na fidla ile ya tatu inapigwa mpaka leo.

SWALI: Fundi, siri ya vanishi ya Cremona ni ipi? Kuna wanaosema ni damu, wengine majivu ya volkano, wengine mayai.

JIBU: Ndugu, hapa nitasema kifupi kwa sababu limeandikwa mno. Mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa walitoa matokeo ya kuchunguza ala 5 za Stradivari kwa vifaa vya kisasa, wakakuta tabaka la chini ni mafuta kama yale ya wachoraji, yameingia kidogo kwenye mti, na juu yake mafuta yamechanganywa na utomvu wa miti jamii ya msonobari na rangi nyekundu kidogo, vitu ambavyo fundi yeyote wa mji ule angeweza kuvipata. Vanishi nene au ngumu kama plastiki inaweza kuua sauti, hilo nimeliona kwa macho yangu, lakini vanishi nzuri kazi yake ni kulinda mti na kuuonyesha, haiongezi kitu ambacho mchongaji hakukiweka. Na mwaka 2012 karibu na Paris wapigaji 10 wa kiwango cha juu walivishwa miwani myeusi wakajaribu fidla 6 za zamani na 6 mpya, 6 kati yao wakachagua mpya kama fidla wangeondoka nayo, na kutambua ipi ni ya zamani hawakuweza. Wenzangu mnaochonga kwenye vikarakana vidogo, hilo libandikeni juu ya benchi.

SWALI: Habari mwalimu. Mwanangu wa miaka 9 aliangusha fidla, haikuvunjika, ila ndani kuna kijiti kinagonga gonga na sauti imekuwa nyembamba sana. Mume wangu anasema akitoe kijiti akibandike na supa gluu mahali pake. Afanye?

JIBU: Dada, mwambie shemeji asubiri kwanza, na sasa hivi kabla hujamaliza kusoma legeza nyuzi zote nne. Kijiti hicho ni nguzo ya sauti, Waitaliano wanaiita anima, yaani roho, kina unene wa kama milimita 6, na ndo kilikuwa kinabeba ubao wa mbele chini ya mguu wa daraja upande wa nyuzi nyembamba. Kikianguka na nyuzi zimekazwa, ubao unaweza kuzama au kupasuka. Legeza mpaka daraja lilegee, litoe, liweke kwenye mfuko wa sanduku lisipotee.

Kubandika hapana kabisa, hiyo nguzo haibandikwi na gundi yoyote, hata ile yetu dhaifu. Inasimama kwa kubanwa tu kati ya mbele na nyuma, na inatakiwa iweze kusogezwa, kwa sababu nusu milimita inabadilisha sauti. Ikae nyuma ya mguu wa daraja milimita 2 au 3, nyuzinyuzi zake zikatishe zile za ubao wa mbele ili zisizame ndani yake, na ncha zake zote mbili zimekatwa kwa mshazari kufuata mbinuko wa ndani, ziguse zote, siyo ukingo mmoja. Fundi anaichomeka kwenye chuma kilichopinda kama herufi S, anaipitisha kwenye tundu la kulia la umbo la f, anaisimamisha, kisha anatoa kile kitufe cha chini cha kushikia kamba ya kitako, anamulika taa kwenye tundu la f na kuchungulia kutoka chini. Akiona mwanga unapita kati ya ncha na ubao, anaitoa, anakwangua kidogo kwa kisu, anairudisha. Hapo unaweza kurudia mara kumi. Mimi nguzo moja inanichukua saa nzima na zaidi, kwa hiyo fundi wako akikwambia uiache fidla mpaka kesho, muachie.